Wanaume 36 na Njaa ya Minnesota

Wajukuu zangu, hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina wanaume 36, vijana wenye afya na akili timamu, waliokataa kushika bunduki katika Vita vya Pili vya Dunia. Mtaalamu wa lishe Ancel Keys, wa Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani, aliwaomba wakubali kushinda na njaa, ili ijulikane namna ya kuwalisha watu waliodhoofishwa na vita. Wakakubali.

Njaa ilianza Februari 1945, ikaendelea karibu miezi sita. Walipewa chakula kiasi gani? Sisemi, nawajua, mtaanza kushindana. Sikilizeni mambo waliyoyafanya. Walilamba sahani. Walikusanya vitabu vya mapishi, wakavisoma kama barua za wapenzi. Mizaha ikaisha, wakawa wakali, wakajitenga. Wachache walizidiwa wakala kwa siri, kisha wakajilaumu vibaya, hata ikabidi mtu asitoke nje bila mwenzake. Chakula kiliporudi, baadhi walikula mpaka tumbo likauma, na bado wakasikia njaa.

Walafi? Hata kidogo. Ubongo ulionyimwa chakula hauna nafasi ya jambo jingine. (Wavulana mnaocheka huko nyuma, kumbukeni wote hao walikuwa wanaume.)

Sasa kuna maradhi yaitwayo bulimia: mtu hula chakula kingi kwa ghafla, hali ameshindwa kuacha, kisha huhangaika kukitoa mwilini. Watu husema, "Ana msongo, hana kujizuia." Mwaka 2021 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walitoa matokeo ya kulipima jambo hilo. Waliwatia wanawake wenye bulimia au anoreksia (maradhi ya kujinyima chakula) katika msongo, wakawapa jaribio la kuzuia mkono ghafla huku ubongo wao ukipigwa picha, halafu wakawaandalia chakula. Msongo ulibadilisha kazi ya sehemu za ubongo zinazohusika na kujizuia. Lakini mikono ilizuilika, wala hawakula zaidi. Watafiti wenyewe walitarajia kinyume.

Basi msongo peke yake hauelezi yote. Kujinyima nako kumo, kama tulivyoona kwa wale wanaume wa Minnesota, na madaktari wanalijua hilo. Msichana akija na kusema, "Mchana nilikula kupita kiasi, kwa hiyo usiku nitalala bila kula," mtaalamu hatampa hotuba ya nidhamu. Atakaa naye wapange chakula cha usiku huohuo, kisha chai ya asubuhi.