Samaki wakifa tangini, anza na maji

Mtu ananunua tangi la kioo mwisho wa mwezi, analijaza maji siku hiyohiyo, anapanga mawe ya rangi, anawasha pampu, na kabla ya chakula cha usiku samaki kumi wa dhahabu wanazunguka humo huku watoto wakishangilia. Wiki ya pili mmoja anapanda juu, mdomo wazi, akihema. Kesho yake amekufa. Wa pili anamfuata, kisha wa tatu. Mwenye tangi anarudi dukani, anauziwa chupa ya dawa ya buluu na samaki wengine wa kuziba pengo. Hao nao hawakai.

Kisa hiki kinaniuma, maana mara nyingi samaki hao hawakuwa na ugonjwa wowote. Walikufa kwa sumu waliyoitoa wenyewe, na dawa ya dukani haikuwa na la kufanya.

Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua yao. Ziwani inapotea katika wingi wa maji. Tangini inabaki palepale. Wanaoiondoa ni bakteria wanaojishikiza kwenye changarawe na sponji ya kichujio. Kundi moja huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo bado ni sumu. Kundi jingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, na hiyo samaki huistahimili kwa kiasi kikubwa zaidi. Bakteria hao huhitaji kama wiki nne hadi sita kuongezeka hadi watoshe. Ndiyo sababu vifo vingi vya tangi jipya huja katika wiki za mwanzo, maji yakiwa bado maangavu na mwenye tangi akiapa kwamba ni masafi.

Kwa watu wa pwani tatizo ni kali zaidi. Amonia huwa majini katika sura mbili, na moja ndiyo hatari hasa. Kwenye nyuzi joto 25, pH ikiwa 7, chini ya asilimia 1 ya amonia yote iko katika sura hiyo. pH ikifika 8, ni kama asilimia 5. Ikifika 9, inazidi theluthi. Sasa fikiria anayechota maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kisha akapamba tangi kwa vipande vya matumbawe na makombe aliyookota ufukweni. Vyote hivyo vina chokaa, na chokaa ikiyeyuka polepole huzuia pH isishuke. Kiasi cha amonia ambacho samaki wa tangi lingine wangekivumilia, hapa kinaua.

Namna vifo vinavyokuja ndiyo ushahidi wa kwanza. Samaki wakifa mmoja mmoja kwa siku kadhaa katika tangi jipya, shuku amonia au naitraiti. Naitraiti huingia kwenye damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, hivyo samaki huhema hata pampu ikiwa inafanya kazi vizuri. Mambo hayohayo yanaweza kutokea katika tangi la zamani baada ya mtu kuosha sponji kwa maji ya bomba na sabuni: bakteria wanakufa na kazi inaanza upya. Sponji isuuzwe ndani ya ndoo ya maji yaliyochotwa kwenye tangi lenyewe, basi.

Wakifa wengi usiku mmoja, uliza kwanza kama umeme ulikatika. Maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7.5 tu, na joto hilo hilo huwafanya samaki wahitaji oksijeni zaidi. Pampu ikisimama katika tangi lililojazwa samaki kupita kiasi, asubuhi utaokota maiti, na mara nyingi wakubwa ndio hutangulia. Pampu ndogo ya betri inafaa kuwamo katika kila nyumba yenye tangi.

Umeme ukiwa haukukatika, uliza nani alipuliza dawa ya mbu. Dawa nyingi za kupuliza zina kemikali zinazotokana na pareto, zao linalolimwa Kenya na nyanda za juu kusini mwa Tanzania, au zilizotengenezwa kiwandani kwa kuiga pareto. Kwa binadamu hazina makali sana, lakini kiasi kidogo mno kinatosha kuua samaki. Pampu huvuta hewa ya chumbani na kuiingiza moja kwa moja majini. Kufunika tangi peke yake hakutoshi. Pampu nayo izimwe hadi chumba kipate hewa safi.

Chunguza pia maji mapya yalitoka wapi. Ya bomba huwa na klorini, inayounguza matamvua. Ya boza yanaweza kuwa na chumvi na pH tofauti kabisa na yale samaki waliyoyazoea, na badiliko la ghafla peke yake huangusha samaki.

Magonjwa ya kweli yapo. Vidoa vyeupe mfano wa chembe za chumvi ni kimelea kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Kikiwa chini ya ngozi dawa haikifikii. Hukomaa, huanguka chini, hugawanyika hadi kuwa mamia, kisha watoto wake huogelea kutafuta samaki wa kuwashika, na hapo ndipo dawa hukiua. Anayeacha dawa siku vidoa vinapotoweka huwa ameacha mapema mno.

Chakula nacho huua. Tropheus, samaki wa miambani katika Ziwa Tanganyika anayefugwa hata Ulaya na Marekani, huishi kwa kukwangua mwani. Wafugaji wengi huhusisha kuvimba tumbo, kugoma kula na kutoa kinyesi cheupe na kulishwa vyakula vya nyama. Kumnunua samaki bila kujua alikuwa anakula nini alikotoka ni kumtesa.

Kwa hiyo, samaki wako wakianza kuhema leo, weka dawa kando. Pima amonia, naitraiti na pH kwa vipimo vya matone. Badilisha robo ya maji kwa maji ya chanzo kilekile, na kama ni ya bomba yawe yamekaa ndoo wazi siku nzima. Sitisha chakula kwa siku moja, na uandike kila kilichobadilika nyumbani siku chache zilizopita. Kama huna vipimo, peleka maji ya tangi dukani katika chupa safi na umwombe muuzaji ayapime mbele yako. Akikwambia hapimi maji, usinunue samaki kwake.