Hatuko watakatifu, lakini tuko wa Kanisa

Kolwezi, siku ya Mungu, saa kumi na mbili asubuhi. Barabara ni moja, makundi ni mawili. Moja linaenda misa ya kwanza: wamama ndani ya vikwembe vya Mama Maria, wababa na shati ya pasi, watoto wameoga. Lingine linatoka posti ya usiku: kaske mukononi, buti za matope, macho mekundu. Wanasalimiana, kila mutu anaenda njia yake.

Katika hilo kundi la pili wengi ni wabatizwa. Wako hata wale waliotumikia misa utotoni na wanajua masomo kwa kichwa. Lakini mu kayé ya jumuiya, pembeni ya jina lao, kuko musalaba mudogo wa kuonyesha: hakuja. Juma hii hakuja, juma ya kwanza hakuja. Kisha watu wanaanza kusema: "Ule aliacha Mungu."

Sisi watu wa sendika tunaishi kila siku na hawa ndugu. Hatuko mapadiri, hatukusoma teolojia. Lakini tunataka kusema neno juu yao, maana ni neno juu yetu sisi pia.

Maiti na karte

Tulizika mwenzetu mumoja, mekanisia, baba wa watoto wane. Kifua kilimutesa miezi mingi. Hakukuwa amefunga ndoa ku Kanisa, sababu mali ya wakwe haijaisha: mbuzi mbili na feza kidogo vilibakia. Ndiyo maana alikuwa hapokee komunio. Ku jumuiya alikuwa anafika mara moja moja, namna posti ilimuruhusu. Karte yake ya muchango ilikuwa na nafasi nyingi nyeupe.

Siku ya kwanza ya matanga, mukubwa mumoja wa jumuiya akafika, akakaa, akatoa pole. Kisha akasema kwa sauti ya chini kama kwa ile karte, misa itakuwa nguvu. Bibi ya marehemu akatugeukia: "Papa delege, padiri hatakuya?"

Kazi yetu inatuzoeza kitu kimoja: mutu akisema "sheria inakataza", tunamuomba atuonyeshe artikle. Tukafanya vile vile. Kanisa liko na kodi yake, ile ya 1983. Kanuni ya 1184 inataja wale wasiopewa maziko ya Kanisa kama hawakuonyesha alama yoyote ya kutubu: waliokana imani wazi wazi, waliochagua kuchomwa mwili kwa kupinga imani ya kikristu, na wakosefu wa wazi ambao maziko yao yangeleta kashfa kwa waamini. Hakuna pahali imeandikwa karte. Tena kanuni ya 1181 inasema juu ya matoleo ya maziko: kusiwe upendeleo wa watu, na masikini wasinyimwe maziko yanayowafaa.

Hatukwenda kupigana na mutu. Tulienda kwa padiri. Kumbe yeye hakuwa ameambiwa hata kama kuko kilio! Alikuja ile siku ile, akasali na familia, kesho yake akasoma misa. Hakuuliza karte. Aliuliza majina ya watoto.

Tunaandika hii hapana kwa kuhukumu ule mukubwa wa jumuiya. Na yeye pia anabeba mzigo: watu hawachangi, sanduku ni tupu, na kila kilio kinataka bukari ya wageni. Lakini mutu akishakufa, deni la muchango lisitangulie mbele ya sanduku lake.

Swali la usiku wa tatu

Kila mutu aliyelala matanga anajua: usiku wa kwanza watu wanalia, usiku wa pili wanaimba, usiku wa tatu wanauliza. Pembeni ya moto, wanaume wakikaa na munkoyo, swali linatoka: "Mungu alikuwaka wapi?"

Mwezi wa 6 mwaka wa 2019 udongo ulianguka hapa Kolwezi juu ya wachimbaji wa mikono, wale tunaita creuseurs. Zaidi ya 40 walikufa. Kati yao kulikuwa wana wa mama waliosali rozari kila siku. Nani atawaambia hao mama kama hawakusali ya kutosha?

Majibu ya haraka hayakosekani. Mumoja atasema ni uchawi, muangalie upande wa wajomba. Mwingine atakupeleka kwa muchungaji wa kanisa jipya, na ule ataomba bahasha mbele ya kuomba Mungu. Sisi tunajua pia majibu mengine: mbao za kushikilia udongo zilikosekana, hewa ilikuwa mubaya, mutu alitumika posti mbili. Haya tunayaandika mu rapota, na lazima yaandikwe. Lakini hata rapota nzuri haimalizi lile swali la usiku wa tatu.

Kuwa na shaka si kutoka nje ya Kanisa. Mutakatifu Tereza wa Mutoto Yezu, mulinzi wa misioni tangu 1927, aliishi miezi yake ya mwisho ndani ya giza kubwa la imani, mpaka kufa mu 1897. Mama Tereza wa Calcutta, barua zake zilipotolewa mu 2007, dunia ilishangaa kusoma kama miaka mingi hakuwa anasikia Mungu karibu. Alikuwa akiamuka kila asubuhi na kwenda kwa wagonjwa.

Na Tomasi? Tunamukumbuka kwa shaka yake tu. Lakini muangalie vizuri Injili ya Yoane: siku nane nzima hakuamini, na siku ya nane alikuwa mu nyumba pamoja na wenzake. Hawakumufukuza. Hakuna aliyemwambia arudi kwanza akiisha kuamini. Angefungiwa mulango, Bwana angemukuta wapi?

Imani ya watumikaji

Hapa kwetu imani haikuota ndani ya kanisa peke yake. Ni Kolwezi, mwanzo wa miaka ya 1950, Padiri Placide Tempels, Mufransisko, alianza kukaa na watumikaji wa Union Minière na mabibi yao, kuwasikiliza, kuzungumuza nao juu ya uzima, uzazi na mapendo. Ndiyo Jamaa ilizaliwa mu manyumba ya kambi, kati ya bwana na bibi. Wazee wetu walijifunza hapo kama mutu mwenye mikono ya mafuta iko na neno la kusema juu ya Mungu.

Tuko pia na Mwenye Heri Isidore Bakanja, kijana aliyejua kazi ya umasoni. Alikuwa anatumika pahali pasipo kanisa wala padiri. Muzungu mukubwa wake aliamuru apigwe fimbo mpaka vidonda, sababu hakutaka kuvua skapulari ya Mama Maria. Alikufa mu 1909, akiwa amesamehe. Papa Yoane Paulo wa Pili alimutangaza mwenye heri mu 1994. Kama wangehesabu karte yake ya jumuiya, wangekuta nini?

Tunayoomba

Kwa jumuiya: muweke siku moja ya sala kwa watu wa posti, hata mara mbili kwa mwezi. Kanuni ya 1248 inakubali misa ya siku ya posho magaribi kuwa misa ya siku ya Mungu. Na pahali misa haiwezekani, inashauri sana Neno la Mungu na sala mu familia. Basi mutu asiitwe mupagani kwa sababu alikuwa chini ya udongo ile saa ya kengele.

Kwa mapadiri: wale wanaoishi bila ndoa ya Kanisa, muwaite, muzungumuze nao. Papa Fransisko aliomba hivyo mu 2016 ndani ya Amoris Laetitia: kusindikiza, kuchunguza pamoja, kuingiza watu ndani.

Kwa wenzetu: tusijifiche nyuma ya posti. Siku ya pumziko tunapata saa ya kwenda kunywa, saa ya jumuiya nayo inaweza kupatikana. Zile mbuzi mbili, tuzimalize tukiwa wazima. Likelemba ya timu inaweza kusaidia.

Tarehe 2 mwezi wa 11 Kanisa linaombea wafu wote. Tumeomba misa kwa wale waliokufa kazini na wale waliokufa na ugonjwa wa kazi. Mulete majina kwa delege wenu mbele ya tarehe 25 mwezi wa 10. Jina la ubatizo, kama mulijua. Kama hamukujua, lile tulilokuwa tunamuita nalo kazini linatosha.