Mlo wa Tarantula Huanzia Shambani

Mvua za kwanza zikishuka Dowa, hapa Malawi, kwa kawaida mwezi wa Novemba, kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu. Katika kambi ya Dzaleka, iliyofunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994 na ambayo leo ina zaidi ya watu 50,000, watoto hutega beseni la maji chini ya taa, na kukipambazuka akina mama wanakaanga. Wiki hiyo hakuna anayelala njaa: watu, kuku, vyura, mijusi, na yule buibui mkubwa mwenye manyoya, tarantula, anayechimba makao yake pembezoni mwa mashamba. Kijana wa jirani yangu anamfuga mmoja katika ndoo ya plastiki. Alinijia na kikombe kimejaa mabawa yanayotikisika.

“Papa, nimupatie hizi?”

Nikamwuliza amezikamata wapi. Kila anayemfuga tarantula, awe hapa au Ulaya, anapaswa kuanza na swali hilo, na wengi hulisahau. Wanauliza mdudu gani ni mtamu, gani ni mnene, gani anauzwa rahisi. Jambo la kwanza kujua ni mdudu alipotoka na alichokula, kwa sababu chote kilichomo tumboni mwake kinaingia tumboni mwa buibui.

Tarantula wa upande wetu wa dunia wanathaminiwa mbali kuliko nyumbani. Pterinochilus murinus, aliyeelezwa kisayansi na mwanazuolojia Pocock mwaka 1897, anapatikana kuanzia Angola hadi mashariki na kusini mwa Afrika. Yule wa rangi ya chungwa, ambaye wafugaji humwita kwa jina la milima ya Usambara, yumo katika visanduku vya kioo huko Ujerumani, Uingereza na Marekani. Pelinobius muticus wa Kenya na Tanzania, mkubwa na mwenye hasira, naye anatafutwa vivyo hivyo. Biashara hii ya viumbe wadogo si mchezo: mwezi wa Mei 2025 mahakama ya Nairobi iliwatoza faini ya shilingi milioni moja kila mmoja vijana wawili wa Ubelgiji waliokutwa Naivasha na malkia wa sisimizi wavunao mbegu wapatao 5,000 ndani ya vichupa. Wanaowataka wadudu wetu wapo. Wanaojua kuwatunza hapa nyumbani ni wachache, na ningependa waongezeke.

Narudi shambani. Mwishoni mwa mwaka 2016 kiwavijeshi vamizi aliingia Malawi, na tangu hapo dawa za kunyunyizia mahindi zimekuwa kitu cha kawaida kwa mkulima. Dowa na Lilongwe ni nchi ya mahindi na tumbaku. Panzi uliyemkamata kwenye mstari wa mahindi yaliyopuliziwa juzi anaweza kuwa bado anaruka huku amebeba sumu ya majani aliyokula. Kuku akimla mmoja huenda asionyeshe dalili yoyote. Buibui hana nafasi hiyo. Sumu iliyotengenezwa kuvuruga mishipa ya fahamu ya mdudu inavuruga na ya buibui, kwa kuwa miili yao imeundwa kwa namna zinazofanana. Utamwona anatetemeka, miguu inajikunja chini ya kifua, kisha basi.

Sumu ya pili iko ndani ya nyumba, na hii ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi hapa kambini. Vyandarua tunavyogawiwa kujikinga na malaria vimetiwa dawa ya kuua mbu, na vinaokoa maisha. Lakini kikichakaa, chandarua hakitupwi. Kinazungushiwa bustani ya mchicha, kinafunika banda la vifaranga, kinakuwa kamba ya mzigo. Mtu akikata kipande akafunikia ndoo ya buibui, au sanduku la nyenje, anafunika kwa sumu, maana dawa ile inaua kwa kugusa tu na inakaa kwenye uzi muda mrefu. Badala yake, toboa mfuniko wa plastiki kwa msumari wa moto. Matundu madogo yanatosha. Na chumba kilichopuliziwa dawa ya mende usimweke buibui humo, wala chakula chake.

Basi ni mdudu gani? Mimi nachagua nyenje, tena waliozaliwa ndani ya ndoo yako mwenyewe. Nyenje mweusi wa mashambani, Gryllus bimaculatus, ni wa Afrika hii hii na huhitaji kumnunua: anaimba usiku kucha chini ya mawe. Wale wa kwanza uliowakamata usimlishe buibui. Wafanye wazazi. Wape madeya (pumba za mahindi), majani ya mboga ambayo hayakupuliziwa, kipande cha karoti kwa ajili ya maji, na trei za mayai za kujifichia. Weka kopo lenye mchanga wenye unyevu, majike watataga humo. Kwenye joto la karibu nyuzi 30 mayai hupasuka baada ya wiki mbili hivi, na watoto hukomaa kwa wiki sita hadi nane. Kizazi hicho cha pili ndicho chakula, kwa sababu unajua kila walichotia mdomoni. Mwezi wa Juni na Julai, baridi ya nyanda hizi inapouma, kila kitu hupungua mwendo. Ndoo ikae karibu na jiko, mbali na moshi.

Mende wa chooni sitaki hata kumsikia. Anatembea juu ya uchafu wa watu wengi, na kuna uwezekano kuwa jirani amempulizia dawa jana. Wafugaji wa Ulaya husifu mende wa Amerika ya Kusini anayeitwa Blaptica dubia kwa kuwa hapandi kioo na hanuki. Ni kweli, ila sioni sababu ya kuingiza Malawi mende mgeni wakati tuna nyenje. Mabuu ya unga yanafaa mara mojamoja, lakini hujichimbia udongoni na buibui asiyaone, hivyo wengi huyaponda kichwa kwanza. Na kumbikumbi wa kile kikombe? Kama wametoka kwenye kichuguu kilicho mbali na shamba, buibui ale mmoja au wawili. Waliokusanywa chini ya taa za maduka Lilongwe, ambako hujui sakafu imepuliziwa nini, hapana.

Ukubwa una kanuni nyepesi: mdudu asizidi urefu wa tumbo la buibui. Mtoto wa buibui mwenye mwili wa sentimita moja apewe nyenje wachanga au paja la nyenje lililokatwa, mara mbili kwa wiki. Aliyekomaa anatosheka na nyenje mmoja mkubwa kwa wiki, na anaweza kukaa mwezi bila kula wala kudhurika mradi ana maji. Kosa la upendo ni kumshindilia. Tumbo likivimba sana, akianguka hata kimo cha mkono linaweza kupasuka.

Akikataa chakula, mwache. Mara nyingi anajiandaa kujivua ngozi, na huu ndio wakati anaolala chali, laini, asiyeweza kujitetea. Nyenje aliyeachwa ndani ya ndoo wakati huo anaweza kumtafuna akiwa hai. Kwa hiyo chakula kisicholiwa hadi kesho yake kitolewe. Baada ya kujivua, meno yake yanakuwa meupe na mororo. Subiri siku saba hadi kumi na nne, hadi yawe meusi. Na utumie koleo refu, kwa maana tarantula wa kwetu wana sumu kali kuliko wale wa Amerika, na kung'atwa kunaleta maumivu na mikakamao ya misuli.

Hesabu sasa: jike mmoja wa nyenje hutaga mayai kwa mamia, na buibui mmoja anakula mdudu mmoja kwa wiki. Ndoo itafurika. Kijana wa jirani ameshalitambua hilo, na amekubaliana na mama yake: buibui achukue wake kila Jumamosi, nyenje wanaobaki waende kwa kuku, ambao wanahitaji protini na hupewa madeya matupu siku nyingi za mwaka.