Pazia Si Ukuta

Siri ya mtungi muulize kata. Katika zama hizi za intaneti, mtungi ni tovuti na kata ni zile programu ziitwazo roboti, ambazo mitambo ya kutafuta, kama vile Google, huzituma usiku na mchana kuzuru kurasa, kuzisoma na kuzitia katika faharasa yake. Kilichochotwa na kata hiyo hakikawii kuwafikia walimwengu.

Mnamo 1994, mtaalamu Martijn Koster alipendekeza njia ya kuziwekea roboti hizo mipaka. Mwenye tovuti huandika faili fupi, robots.txt, akitaja sehemu ambazo hataki ziingiwe. Kanuni hiyo ilifuatwa kwa mazoea tu hadi Septemba 2022, shirika la IETF lilipoichapisha kuwa RFC 9309. Waraka huo wenyewe watahadharisha kwamba kanuni hizi si kibali wala kizuizi cha kuingia.

Tahadhari hiyo yastahili kuzingatiwa na kila taasisi inayohifadhi majina, nambari za vitambulisho na taarifa za matibabu ya watu. Kwanza, robots.txt ni ombi, si amri. Roboti yenye adabu hutii, ilhali ya mhalifu hupita bila kubisha hodi. Pili, faili hiyo husomwa na yeyote apendaye. Hivyo anayeorodhesha humo mahali alipoficha nyaraka huwa amemwelekeza mwizi kwa kidole.

Tatu, kukataza ukurasa usisomwe si kukataza usitajwe. Iwapo tovuti nyingine imeuelekea, anwani yake yaweza kuonekana katika matokeo ya utafutaji. Agizo lifaalo kuuondoa humo ni noindex, linalotiwa katika ukurasa wenyewe. Ajabu ni kwamba wapo wanaoyatumia yote mawili kwa pamoja, wakidhani wamejikinga maradufu. Roboti iliyozuiwa kuingia haiwezi kuliona agizo hilo; ni sawa na kumfungia tarishi mlango, kisha kumlaumu kwa kutosoma tangazo lililobandikwa sebuleni.

Isitoshe, hata noindex huondoa jina kwenye faharasa tu. Waraka wenyewe husalia palepale, ukimngoja yeyote aliye na anwani yake.

Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 humtaka anayehifadhi data za watu achukue hatua zifaazo kuzilinda. Kwa maoni yangu, mstari mmoja wa maombi kwa roboti hauwezi kuhesabiwa kuwa hatua hiyo. Waraka wa siri na uondolewe mtandaoni kabisa, au uwekwe nyuma ya nywila.

Pazia humsitiri mtu na mpita njia mwenye haya. Mwizi huzuiwa kwa mlango na kufuli.