Mashine ya kufulia ikigoma kuzunguka, usiihukumu mota kwanza

Na Mwandishi Maalumu, Kasese

KWA mfanyabiashara wa Bwera anayenunua mashine ya kufulia iliyokwisha kutumika ili aivushe Mpondwe hadi Kasindi, au kwa mama anayefua mashuka ya nyumba za wageni mjini Kasese, hakuna neno linaloumiza kama lile la fundi: “Mota imeungua.”

Neno hilo likishatamkwa, mashine huuzwa kwa bei ya chuma chakavu na mtaji wa miezi mingi huenda na maji. Hata hivyo, mara nyingi mota yenyewe huwa nzima. Kilichoharibika ni kifaa kidogo kinachoipa amri, au kile kinachopeleka habari zake.

Sisi tuliorejea kutoka uhamishoni tumezoea vyombo vilivyotumika nchi nyingine, chini ya umeme mwingine. Ni vyema basi tukajua jinsi mashine hii inavyofanya kazi, angalau tusidanganywe.

Bodi na kipima kasi

Darasani huwa naeleza hivi: mota ni injini, bodi ni dereva, na kipima kasi ni macho ya dereva.

Mashine nyingi za mlango wa mbele zilizotengenezwa miaka ya nyuma zina mota ya kaboni. Kaboni mbili hugusa rota na kuipelekea umeme. Nyuma ya ekseli kuna sumaku ndogo inayozunguka karibu na koili, na hicho ndicho kipima kasi. Bodi husoma ishara yake, kisha huongeza au kupunguza umeme kupitia kifaa kiitwacho triaki. Ndiyo maana pipa lile lile hufua taratibu, kisha hukamua kwa mizunguko 1,000 au zaidi kwa dakika.

Anza na yaliyo rahisi

Kabla ya kufungua chochote, chomoa plagi. Usitosheke na kuzima swichi. Subiri dakika kadhaa, kwa maana kapasita huweza kubaki na umeme ndani yake.

Tazama plagi yenyewe. Plagi ya Uganda ya pini tatu ina fyuzi ndani, na fyuzi ikikatika mashine yote hufa. Kisha hakikisha mlango unafunga barabara, kwa sababu kufuli ya mlango isipotoa ishara, bodi hairuhusu mota kuzunguka. Zungusha pipa kwa mkono: likiwa zito, huenda beringi imekwama, likiwa jepesi kupita kiasi, huenda mkanda umetoka au umekatika.

Dalili na maana yake

Maji yanaingia, mlango umefungwa, lakini mota iko kimya. Hapo mshukiwa wa kwanza ni kaboni. Zikibaki fupi, chini ya sentimita moja hivi, hazigusi rota sawasawa. Badilisha zote mbili kwa pamoja. Kaboni mpya hutoa cheche kidogo hadi zikae vizuri. Zikiendelea kutoa cheche nyingi, rota nayo ikaguliwe.

Mota inashtuka, inakimbia ghafla, kisha inasimama. Huyo ni dereva asiyeona. Kagua waya za kipima kasi na ile sumaku, kwani hulegea. Pima koili yake kwa mita: mita isiposoma kitu, koili imekatika. Lakini mota ikikimbia kwa kasi yote mara tu programu inapoanza, shuku triaki.

Mota inazunguka upande mmoja tu. Katika mashine za kaboni, kugeuza upande ni kazi ya rilei zilizo kwenye bodi. Katika mashine za mapipa mawili, ambazo hazina bodi, tazama saa ya kufulia.

Mota inanguruma bila kuzunguka. Zima haraka kabla haijapata moto. Katika mashine za mapipa mawili mota huanza kwa msaada wa kapasita. Kama pipa ni jepesi kwa mkono, badilisha kapasita kwanza kabla ya kumlipa mtu kusuka mota upya.

Mashine mpya za inveta hazina kaboni. Mota ina waya tatu. Pima kila jozi. Vipimo vyote vitatu vikilingana na hakuna umeme unaovujia kwenye bodi la chuma la mashine, mota kwa kawaida ni salama na tatizo liko kwenye sakiti.

Kwa wanaovusha mzigo

Soma kibandiko kilicho nyuma ya mashine. Uganda hutumia volti 240 na Kongo volti 220, zote kwa hezi 50. Mashine ya Marekani ya volti 120 na hezi 60 itaungua ikichomekwa hapa moja kwa moja. Transfoma hurekebisha volti tu, haibadilishi hezi, hivyo mota ya kapasita itazunguka polepole na kupata moto.

Aidha, upande wa Kongo soketi nyingi ni za pini mbili za duara. Wengi hukata plagi ya Uganda, wakaunganisha waya mbili na kuuacha ule wa kijani na njano ukining’inia. Huo ni waya wa ardhi. Bila huo, umeme ukivuja, anayeshika mashine kwa mikono yenye maji ndiye anayekuwa njia ya kwenda ardhini. Mnunuzi aambiwe hivyo, na plagi iwekwe inayounganisha waya zote tatu.

Umeme unaopanda na kushuka nao huua bodi kuliko mota. Chomoa mashine wakati wa radi, na umeme ukikatika usiirudishe mpaka utulie. Ukimudu, weka stabilaiza inayohimili nguvu iliyoandikwa kwenye kibandiko.

Unaponunua, usikubali kuonyeshwa taa zikiwaka tu. Omba iwekewe maji, ifue pande zote mbili, kisha ikamue hadi mwisho. Muuzaji akikataa, punguza bei kana kwamba bodi imekufa, au mwachie mali yake.