Kilichoingia Sikioni, Puani au Kooni: Mafunzo Kutokana na Visa Visivyo vya Kawaida

Magonjwa ya masikio, pua na koo mara nyingi huhesabiwa na wananchi kuwa madogo. Mafua hupita, kikohozi hutulia, na sikio lililoziba huzibuka lenyewe. Hata hivyo, lipo tatizo moja ambalo huanza kama mchezo wa mtoto na kuishia katika chumba cha upasuaji, nalo ni kitu kigeni kilichoingia mahali pasipo pake. Kwa wakazi wa Amani jambo hili haliko mbali. Maharage, mahindi, iliki na pilipili manga huanikwa uani ambako watoto hucheza, na nyakati za usiku wadudu wa msituni hufuata mwanga wa taa hadi ndani ya nyumba.

Makala haya yanaeleza visa kadhaa vilivyoandikwa na wasafiri, wanasayansi na madaktari, vingi vyao katika Afrika Mashariki. Vinaonekana kuwa vya ajabu, lakini vinafundisha jambo ambalo kila kaya inapaswa kulijua: yapo matukio yanayotaka subira na mkono wenye ujuzi, na yapo yasiyoweza kungoja hata saa moja. Kushindwa kuyatofautisha ndiko kunakowagharimu watu uwezo wa kusikia, na wakati mwingine uhai.

Mbawakawa wa mwaka 1858

Mwezi Februari 1857, Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walipanda kutoka Pangani hadi Vuga, yalikokuwa makao ya Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Usambara. Baadaye mwaka huo walianza safari ndefu ya kwenda bara, na mwezi Februari 1858 wakafika Ziwa Tanganyika. Mwezi uliofuata, Speke akiwa safarini kuvuka ziwa hilo, dhoruba iliipiga hema yake usiku. Alipowasha mshumaa ili apange upya vitu vyake, mbawakawa wadogo weusi walimiminika ndani. Alijaribu kuwafukuza, akashindwa, akazima mshumaa na kulala. Mmoja wao akamwingia sikioni.

Mdudu aliyeingia sikioni hawezi kugeuka kwa urahisi, kwa hiyo huzidi kusonga mbele na kukwaruza. Speke alimimina siagi iliyoyeyushwa, isifae kitu. Maumivu yalipomzidi alichukua ncha ya kisu kidogo na kuchokoa. Mdudu alikufa, lakini sikio lilijeruhiwa. Uvimbe ulienea usoni, majipu yakatoka hadi begani, na kwa siku kadhaa hakuweza kufungua kinywa kutafuna, akaishi kwa mchuzi. Kwa miezi mingi sikio hilo lilikuwa karibu na uziwi. Aliandika kwamba kila alipopenga kamasi, hewa ilipiga mluzi kupitia sikioni hata watu waliokuwa karibu wakausikia. Vipande vya mdudu yule viliendelea kutoka pamoja na nta baada ya miezi sita au saba.

Mluzi huo una maelezo yake. Sikio lina sehemu tatu. Tundu la nje, lenye urefu wa takriban sentimita 2.5 kwa mtu mzima, huishia kwenye kiwambo chembamba. Nyuma ya kiwambo ipo sikio la kati, na kutoka hapo mrija mwembamba hushuka hadi nyuma ya pua. Kwa kawaida kiwambo huizuia hewa ya puani isitokee nje. Kiwambo kikitoboka, njia huwa wazi kutoka puani hadi nje ya sikio. Kwa hiyo dalili za Speke zinaafikiana na kiwambo kilichotoboka. Kwa maneno mengine, mbawakawa alileta maumivu ya usiku mmoja, ilhali kisu kilileta madhara ya miezi mingi.

Jambo lililompata Speke linaweza kumpata yeyote hata leo, ingawa chombo si lazima kiwe kisu. Kijiti cha kibiriti, pini ya nywele, unyoya wa kuku na kijiti cha pamba vyote hufanya kazi ileile: husukuma kitu ndani zaidi, au huchubua ngozi laini ya tundu la sikio, au hutoboa kiwambo.

Mdudu akiwa hai ndani ya sikio, mgonjwa alazwe ubavu, sikio lenye mdudu likielekea juu. Matone machache ya mafuta safi ya kula au ya nazi, yenye joto sawa na la mwili, hutiwa ili mdudu afe na kuacha kukwaruza. Mafuta yasiwe ya moto wala ya baridi, kwa kuwa yote mawili huleta kizunguzungu. Njia hii isitumiwe kabisa kwa mtu ambaye sikio lake hutoa usaha, aliyewahi kuambiwa kiwambo chake kimetoboka, au aliyewekewa mrija na daktari. Mdudu akishatulia, mgonjwa apelekwe zahanati ili atolewe, kwa sababu mabaki yakiachwa huoza na kuleta uambukizo.

Punje ya haragwe au hindi hutaka uangalifu wa namna nyingine. Isimwagiwe maji, kwa maana punje kavu hufyonza maji, ikavimba na kukwama. Betri ndogo ya duara nayo isitiwe kimiminika chochote.

Kupe wa Kibale na ruba wa koo

Pua nayo ina visa vyake. Tony Goldberg, mtaalamu wa magonjwa ya wanyama kutoka Marekani, alirejea nyumbani mwaka 2012 baada ya kufanya utafiti katika Hifadhi ya Taifa ya Kibale, Uganda, akahisi mwasho na maumivu katika tundu moja la pua. Alipochunguza alikuta kupe. Uchunguzi wa vinasaba haukumlinganisha kupe huyo na spishi yoyote iliyokuwa katika kumbukumbu za kisayansi. Picha za sokwe wadogo wa Kibale zilipokaguliwa, baadhi yao walionekana wakiwa na kupe puani. Ilidhaniwa kwamba kupe hujificha humo kwa sababu sokwe huchambuana manyoya na kuwatoa wale walio sehemu za wazi za mwili.

Kisa kizito zaidi ni cha ruba. Wapo ruba waishio katika chemchemi na mabwawa ambao, wakiwa wadogo kama uzi, huingia kinywani au puani mtu anapokunywa kwa kuinamisha uso majini. Humo hujishikiza, hunyonya damu na kukua. Madaktari waliofanya kazi Kenya waliandika mwaka 1986 kuhusu upungufu mkubwa wa damu, na hata kifo, kutokana na ruba wa aina hiyo aliyejishikiza kooni. Mgonjwa anaweza kutokwa damu puani mara kwa mara, kutema damu, au kuhisi kitu kikitembea kooni. Kinga yake ni nyepesi: maji ya chemchemi yachotwe kwa chombo, yachujwe na kuchemshwa, na watoto wafundishwe kutokunywa kwa kuinama mtoni.

Hata hivyo, kitu kinachopatikana mara nyingi zaidi puani mwa mtoto ni ushanga, punje au kipande cha sponji. Mtoto huogopa kusema, na mzazi hajui. Siku chache baadaye tundu moja tu la pua huanza kutoa kamasi nzito yenye harufu mbaya. Mafua ya kawaida huathiri pande zote mbili. Kwa hiyo kamasi inayonuka upande mmoja kwa mtoto mdogo ichukuliwe kuwa ni ishara ya kitu kigeni hadi mhudumu wa afya atakapothibitisha vinginevyo. Kitu hicho kikisahauliwa kwa miaka, madini ya mwilini hujijenga kukizunguka hadi kikawa jiwe, na kutolewa kwake huhitaji upasuaji.

Ipo njia moja isiyotumia chombo ambayo madaktari huiita busu la mama. Ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1965 na daktari Vladimir Ctibor wa New Jersey, Marekani. Mzazi huliziba kwa kidole tundu la pua lisilo na kitu, huweka kinywa chake juu ya kinywa cha mtoto kana kwamba anambusu, kisha hupuliza pumzi fupi yenye nguvu. Hewa hupita nyuma ya pua na kukisukuma kitu nje. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionesha kwamba njia hiyo hufaulu kwa takriban watoto 6 kati ya 10. Inafaa kufanywa mbele ya mhudumu wa afya, na isipofaulu mara moja au mbili isiendelezwe.

Karanga, sarafu na betri

Kooni ndiko kwenye hatari kubwa zaidi, kwa kuwa njia mbili huanzia hapo: njia ya hewa iendayo mapafuni na umio uendao tumboni. Utafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2011, ulionesha kwamba kitu kilichotolewa mara nyingi zaidi katika njia ya hewa ya wagonjwa kilikuwa karanga, na katika umio kilikuwa sarafu.

Karanga ina hila yake. Mtoto hupaliwa ghafla, hukohoa kwa nguvu, kisha hutulia. Wazazi hushukuru na kudhani imemezwa. Kumbe imeteremka katika mrija wa pafu moja, na huko yaweza kukaa siku au wiki kabla ya kikohozi kurudi pamoja na homa na mkoromo wa kifua. Picha ya eksirei haioneshi karanga waziwazi, na mtoto huweza kutibiwa nimonia mara kwa mara bila kupona. Ndiyo maana taarifa ya mzazi ina thamani kubwa kuliko mashine: kusema tu kwamba mtoto alipaliwa akila karanga wiki mbili zilizopita kunaweza kumwongoza daktari moja kwa moja kwenye chanzo. Tangu mwaka 1897, Gustav Killian wa Freiburg, Ujerumani, alipotoa kipande cha mfupa katika njia ya hewa ya mkulima mmoja kwa kutumia bomba lililopitishwa kooni, vitu vya namna hiyo vimekuwa vikitolewa bila kupasua kifua. Watoto walio chini ya miaka mitano wasipewe karanga nzima.

Betri ndogo ya duara, kama ile ya saa au ya mwanasesere mwenye sauti, ni dharura isiyongoja asubuhi. Ikikwama katika umio, umeme wake huanza kuunguza nyama, na ndani ya saa mbili yaweza kuleta jeraha kubwa. Puani nayo hutoboa ukuta unaotenganisha matundu mawili. Mtoto anayedhaniwa kumeza betri asitapishwe. Apelekwe moja kwa moja kwenye hospitali yenye eksirei, na betri nyingine ya aina hiyo ichukuliwe ili daktari aione.

Mtoto anayepaliwa lakini bado anakohoa kwa nguvu aachwe akohoe. Asiyeweza kupumua, kulia wala kusema ainamishwe mbele, apigwe mapigo matano ya kiganja katikati ya mabega. Kisicho kutoka, mwenye umri wa zaidi ya mwaka mmoja akumbatiwe kutoka nyuma na kubanwa tumbo juu ya kitovu mara tano, kwenda ndani na juu. Kwa mtoto mchanga tumbo lisibanwe. Kifua chake ndicho kibonyezwe mara tano. Hatua hizo zirudiwe kwa kupokezana hadi kitu kitoke, huku mwingine akitafuta usafiri. Kidole kisiingizwe kooni kutafuta kitu kisichoonekana.

Njia ya kupata huduma

Barabara ya kushuka kutoka Amani hadi Muheza ni ndefu, ina kona nyingi, na wakati wa masika safari huwa ngumu zaidi. Kwa hiyo ni vema kila kaya ikajua mapema jambo lipi liishie wapi. Mdudu aliyekufa sikioni, punje inayoonekana au kamasi ya upande mmoja huanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kisichotoka hapo kwa jaribio la kwanza hupewa rufaa kwenda hospitali mjini Muheza, na kutoka hapo, ikibidi, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, Tanga. Wanaohitaji ubingwa zaidi hupelekwa KCMC, Moshi, au Muhimbili, Dar es Salaam. Betri, shida ya kupumua, kushindwa kumeza mate na damu isiyokoma haviruhusu kungoja zamu ya kawaida; usafiri wa kwenda hospitali utafutwe mara moja. Sera ya afya nchini inawasamehe malipo watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya umma, hivyo gharama ya matibabu isiwe sababu ya kumchelewesha mtoto nyumbani.

Mhudumu wa afya atahitaji kujua mambo manne: ni kitu gani kilichoingia, kiliingia lini, upande gani, na nini kimekwisha kujaribiwa. Mtoto asikemewe kwa kilichotokea, maana anayeogopa adhabu huficha, na kitu kilichofichwa ndicho kinachodhuru. Maji yakimwagika hayazoleki, na usikivu uliopotea kwa ncha ya kijiti aghalabu haurudi wote.