Jinsi ya Kuisoma Sheria ya Gati: Utangulizi kwa Mgeni wa Somo

Ikiwa umekulia hapa Mapendo, au popote Goma, somo hili umekwisha kulianza bila kujua. Neno mazuku umelisikia tangu utotoni: hewa mbaya inayolala mabondeni na katika mashimo ya mawe ya volkano, haionekani, na inaua mbuzi pamoja na mchungaji aliyeinama kumfuata. Hewa hiyo ni kabonidayoksaidi. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo hutafuta mahali pa chini na kutulia. Wataalamu wa volkano wa nchi za mbali wameliazima neno letu kama lilivyo. Litunze, maana tutalihitaji tutakaposhuka ndani ya mashua.

Somo lenyewe ni sheria za bandari za enzi ya ukoloni: chombo kitie nanga wapi, kibebe kiasi gani, petroli ikae wapi, baruti ishushwe na nani. Wanafunzi wengi hulikimbia kwa kuliona ni rundo la karatasi za Kifaransa zenye namba na mihuri. Nakusihi usilikimbie. Kila kifungu kiliandikwa kwa sababu ya hatari fulani, na ukiifahamu hatari kwanza, kifungu hakikusumbui tena. Ndiyo maana tunaanza na maji, karatasi baadaye.

Chukua mashua ya mbao yenye urefu wa mita 15 na upana wa mita 3. Mbele na nyuma imechongoka, basi tuseme eneo linalokalia maji ni mita za mraba 30. Ili izame sentimita moja zaidi, lazima isukume lita 300 za maji, yaani kilo 300. Hao ni watu watano wa kilo 60. Ongeza watu 100 na umekula sentimita 20 za ubavu. Sehemu ya ubavu iliyobaki juu ya maji mimi huiita ubavu mkavu, na ndiyo akiba yote ya chombo: wimbi likija, ubavu mkavu ndio unaolizuia. Uingereza, kwa juhudi za mbunge Samuel Plimsoll, ilitunga sheria mwaka 1876 kwamba meli zichorwe alama ubavuni kuonyesha mwisho wa kupakia. Alama hiyo ilienea duniani, nayo haihitaji msomi: mchukuzi, abiria na polisi wote wanaiona.

Hapa wanaoanza hukosea jambo moja. Hudhani uzito ni kilo tu. La, uzito pia ni mahali. Mabaharia wa pwani huweka mawe au mchanga chini kabisa ya chombo kisicho na mzigo, nao huuita farumi, kusudi chombo kitulie. Watu 30 waliokaa juu ya paa hufanya kinyume cha farumi. Kilo ni zilezile, lakini chombo kikiinama kidogo, uzito wa juu unakivuta kiendelee kuinama badala ya kurudi.

Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu na gati la Kituku hapa Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa ufukweni. Ilikuwa imejaza abiria kupita kiasi, katika siku ambazo vita vilikuwa vimefunga barabara na ziwa limebaki njia pekee ya wengi. Silitaji jambo hili kama mfano wa darasani. Natamani ulisome somo hili ukijua kwamba hesabu ya sentimita tuliyoifanya hapo juu ina majina ya watu ndani yake.

Sasa mizigo ya hatari. Shehena ya hatari ni mzigo unaoweza kuua hata kama chombo ni kizima na ziwa limetulia. Petroli ndiyo mwalimu mzuri wa kwanza, kwani bidoni za kadafi, wachuuzi wetu wa petroli wa barabarani, unaziona kila siku. Jifunze istilahi moja: joto la kushika moto, yaani kiwango cha chini cha joto ambapo kimiminika hutoa mvuke wa kutosha kuwaka ukiguswa na cheche. Kwa mafuta ya taa ni kama nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi. Kwa petroli ni kama nyuzi 40 chini ya sifuri. Linganisha na hali ya hewa ya Goma. Mafuta ya taa yaliyomwagika asubuhi bado hayajawa tayari kuwaka kwa cheche. Petroli iko tayari usiku na mchana, hata kwenye barafu ya Ruwenzori.

Kumbuka mazuku. Mvuke wa petroli nao ni mzito kuliko hewa. Bidoni yenye mfuniko mbovu inapovuja ndani ya mashua, mvuke hauruki kwenda zake. Unateremka hadi ngama, lile tumbo la chini ambamo maji machafu hukusanyika, na kungoja pale. Mwenye kuwasha sigara mbele anaweza asisikie harufu yoyote. Goma iliuona ukatili wa mvuke huu tarehe 21 Januari 2002, siku chache baada ya lava ya Nyiragongo kukata mji hadi ziwani: kituo cha mafuta kililipuka na kuua makumi ya watu waliokuwa wakichota.

Ukiwa na hayo mawili, uzito na mvuke, fungua karatasi. Mwaka 1879 Waingereza waliweka katika sheria kipimo cha mwanakemia Frederick Abel cha joto la kushika moto, na mafuta yanayotoa mvuke wa kuwaka chini ya nyuzi 73 za Farenhaiti, kama 23 za Selsiasi, yakawekewa masharti makali. Ndiyo sababu sheria za kale hutenganisha petroli na mafuta ya taa kana kwamba ni maadui. Kwa mantiki hiyohiyo baruti hutengwa na fataki zake za kulipulia, na kabidi ya taa za wachimba migodi hufungwa ndani ya mkebe usiopenya tone, kwa kuwa ikilowa hutoa gesi inayowaka. Mzigo huo wa mwisho nakuomba uutafakari: maji, ambayo sote tunayadhania ni dawa ya moto, hapo ndiyo kiberiti.

Utakutana pia na bendera nyekundu, ishara ya chombo chenye shehena ya hatari. Thamani yake ilionekana Bombay, bandari ya kikoloni ya India, tarehe 14 Aprili 1944. Meli Fort Stikine ilikuwa na takriban tani 1,400 za vilipuzi pamoja na marobota ya pamba, wala haikupandisha bendera hiyo. Pamba ilishika moto na meli ikalipuka ikiwa gatini, mamia walikufa. Kila mzigo kati ya hiyo ulikuwa na kanuni yake. Kilichoua ni ujirani wa mizigo hiyo.

Sheria ipi basi ilitawala huku kwetu? Swali hili huwachanganya wengi, na si kosa lao. Katika Kongo ya Wabelgiji dekreti ilitoka kwa mfalme, odonansi kwa Gavana Mkuu, na chini yake zikaja amri za majimbo. Juu ya yote kulikuwa na mikataba. Mkataba wa Berlin wa 1885 ulitangaza uhuru wa kusafiri katika mto Kongo, matawi yake na maziwa yake. Ziwa Kivu humwaga maji yake katika ziwa Tanganyika kwa mto Ruzizi, na Tanganyika huyafikisha mto Kongo kwa Lukuga. Kwa hiyo ziwa letu limo katika bonde hilo, ingawa msafiri Mjerumani von Götzen hakulifikia hadi 1894, baada ya mkataba huo. Kisha mkataba wa Uingereza na Ubelgiji wa 15 Machi 1921 uliwapa Wabelgiji maeneo yao ndani ya bandari za Dar es Salaam na Kigoma, yaliyoitwa Belbase, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Pipa lililopitia huko kuja upande wetu lilivuka mikono ya dola mbili.

Unaposoma, jiulize pia kifungu kinamlinda nani. Kwa maoni yangu, sheria nyingi za gati za wakati ule zililinda kwanza ghala, ushuru na meli ya kampuni. Mchukuzi aliyebeba pipa begani hutajwa zaidi kwa adhabu kuliko kwa kinga. Kongo huru ilipata kanuni yake ya usafiri wa mito na maziwa tarehe 14 Machi 1966, nawe utafaidika ukiisoma bega kwa bega na zile za kale.

Lakini kabla ya kitabu chochote, nenda gatini. Simama penye mashua inayopakia, chagua ubao mmoja ubavuni, na uhesabu mbao zilizobaki kavu kabla ya mzigo na baada yake. Tazama bidoni zimewekwa wapi, na nani ameketi juu yake. Andika ulichokiona, tarehe na saa. Daftari hilo ndilo tutakaloanza nalo.